Baraka Isiyofika Juu

Ukitaka kumwalika Mama Zenaida Paucar mahali popote, jiandae kwanza kujibu swali moja. Iwe harusi, daktari wa meno, benki au kumtazama mzazi, atakuuliza: "Ghorofa ya ngapi?" Ukimwambia ya chini, atauliza saa ngapi. Ukimwambia ya pili, atafikiri kidogo. Ukimwambia ya tatu, atakupikia sahani ya chakula pamoja na salamu zake, na wewe ndiye utakayeshuka kuichukua.

Sisi tunakaa juu yake, katika nyumba ya matofali mekundu mtaani Corona, hapa Queens, karibu sana na reli ya treni namba saba inayopita juu ya barabara. Mazungumzo ya mtaa wetu yote yana matundu. Treni ikija, mtu ananyamaza huku mdomo wake umebaki wazi, na ikishapita anaendelea palepale alipoachia. Nilikua nikisomea vitabu vyangu jikoni kwa Mama Zenaida kwa sababu kwetu kulikuwa na kelele za wadogo zangu, naye hakuwahi kuniuliza ninasoma nini. Alinisogezea tu sahani.

Mwanamke huyuhuyu asiyepanda ngazi za ghorofa ya tatu alifanya kazi miaka kumi na moja katika ghorofa ya mia na sita ya mnara wa kaskazini, kati ya ile miwili pacha ya Manhattan, kwenye mgahawa uliokuwa na jina refu lenye madirisha na dunia ndani yake. Wafanyakazi hawakulitumia jina hilo. Waliuita Juu. "Leo uko Juu?" waliulizana kituoni. "Binamu yangu amepata kazi Juu." Mtu wa Corona aliyepata kazi Juu alinunuliwa viatu vipya na kupongezwa kanisani.

Wageni walikuja kwa ajili ya dirisha. Walivaa suti na nguo za mikono mifupi, wakashika glasi zao pale baa na kutazama meli zilivyokuwa ndogo kule chini. Mama Zenaida alisimama jikoni kwenye meza ya baridi, mahali pa saladi na samaki wasiopikwa, na mbele yake kulikuwa na ukuta wa vigae vyeupe.

"Watu walibadilisha lifti mbili kwenda kuiangalia dunia," husema. "Mimi nilibadilisha lifti mbili kwenda kuangalia letusi."

Hata hivyo alikuwa na dirisha lake. Lilikuwa beseni la kuoshea majani. Siku za upepo mkali mnara ule ulicheza kidogo, kama minara yote mirefu inavyocheza, na maji ya beseni yalikwenda upande mmoja, yakafikiri, yakarudi. Wahudumu wa baa walikuwa wakipita kumwuliza hali ya hewa. "Leo vaeni makoti mkitoka," aliwaambia akiwa ameyatazama maji yake.

Kazi ile ilimwachia tabia ambazo mtaa mzima umezizoea. Jikoni, mtu akipita nyuma ya mwenzake mwenye kisu au sufuria ya moto, lazima aseme "Nyuma!" Akifika kwenye pembe anasema "Kona!" Mama Zenaida anasema maneno hayo dukani, kwenye treni na katika foleni ya mazishi. Pasaka moja alikuwa anarudi kwenye benchi lake baada ya kukomunika, akampita padri aliyebeba kikombe, akamwambia kwa sauti ya kazini, "Nyuma, baba!" Padri alijibanza pembeni mara moja bila kuuliza. Mpaka leo akimwona anakuja, anajibanza mwenyewe.

Aliyeipa kazi hiyo ladha yake alikuwa Piedad Guamán. Walitoka vijiji vya jirani kwenye milima ya Azuay, kule Ekuador, lakini walijuana huku, katika chumba cha kubadilishia nguo, wakigombania kabati lenye kufuli linalofanya kazi. Piedad alikuwa mwokaji. Alipojifungua mtoto wa kike, Delfina, Zenaida alimsimamia ubatizo, na kwa watu wa Azuay hilo si jambo la siku moja. Ukimshika mtoto wa mwenzako kwenye maji, umeshamshika.

Wakahamia pamoja nyumba hii. Piedad alichukua zamu ya alfajiri kwa sababu mikate ya asubuhi haisubiri jua, na Zenaida zamu ya jioni. Mtoto alikuwa na mama wa mchana na mama wa usiku, wakipokezana mlangoni kama wanavyopokezana kisu, mpini mbele.

Kisha ikaja Jumanne ile ya Septemba inayojulikana na kila mtu, minara ilipoanguka. Watu hupenda kumwuliza Mama Zenaida alinusurikaje, wakitarajia hadithi ya saa iliyokataa kulia au treni iliyoharibika njiani. Anawajibu, "Zamu yangu ilikuwa ya jioni." Hakuna zaidi. Piedad alikwenda kazini kama kawaida, na jioni ilipofika Zenaida hakuwa na mahali pa kwenda kazini wala mtu wa kumkabidhi mtoto. Delfina alikuwa na miaka miwili. Bibi yake wa Azuay alipiga simu kuuliza kama aje amchukue. Zenaida alimwambia mtoto amelala, asimwamshe kwa simu. Hawakulizungumza tena.

Akatafuta kazi katika jiko la shule ya msingi, lililo chini ya ardhi, na huko yuko mpaka sasa. Anasema ni jiko zuri. Ukidondosha kijiko, unajua kimefika mwisho wa safari.

Delfina alikulia chini ya mikono ile. Alijua kukausha letusi bila kuichubua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Akasoma upishi chuoni, akafanya kazi sehemu mbili tatu hapa Queens, na Machi iliyopita, jioni moja walipokuwa wanabambua maharage mabichi na mimi nikiwa nimekaa kwenye kona yangu na kitabu, akasema:

"Mama, nimepata kazi."

"Ya kupika au ya kuosha vyombo?"

"Ya kupika. Meza ya baridi."

Mama Zenaida aliweka kisu chini ili acheke vizuri. "Meza ya baridi. Kumbe sikupoteza maji yangu bure. Wapi huko?"

"Manhattan. Karibu na stesheni kubwa."

"Ghorofa ya ngapi?"

Treni ikapita. Delfina angeweza kuitumia, akasema namba yake ndani ya kelele zile na kulimaliza. Lakini alisubiri mpaka behewa la mwisho likapita.

"Ya sitini na tatu," akasema.

Mama Zenaida akachukua kisu chake. "Hongera," alisema kwa upole, akaendelea kubambua. Alitupa maharage kwenye pipa la taka na maganda akayatia sufuriani. Hakuna aliyemkosoa. Usiku ule maganda yalichemka mpaka yakaishiwa maji.

Sasa lazima niseme kuhusu baraka. Katika nyumba ya watu wa Azuay mtoto hatoki bila kuiomba. Anasimama mlangoni na mkoba wake, anasema, "Baraka, mama," na mkubwa anamchora msalaba kwa kidole gumba kwenye paji la uso, anasema, "Mungu akubariki, akulinde, akurudishe." Hata kama unakwenda kununua chumvi. Nimemwona Delfina akirudi kutoka kituoni, amechelewa shule, amelowa mvua, kwa sababu alikuwa ametoka mbio akasahau. Watu hawa wanaweza kutoka bila koti katikati ya Januari. Bila hiyo hawatoki.

Jumatatu ya kuanza kazi Delfina alisimama mlangoni, suruali ya kazi imepigwa pasi, visu vyake vimefungwa kwenye kitambaa.

"Baraka, mama."

Mama Zenaida alikuwa anaosha vikombe. Alifungua bomba zaidi.

"Mama. Baraka."

"Umechukua skafu? Kuna upepo."

"Nimechukua. Baraka."

Vikombe vile vilikuwa safi tangu jana, nami niliona, kwa kuwa nilikuwa nimeshuka kurudisha bakuli. Alivisugua kimoja baada ya kingine. Delfina aliendelea kusimama. Treni yake ikaja, ikapita juu ya vichwa vyetu, na ya pili ikapita pia. Kisha akainama, akavua viatu, akaviweka sawasawa pembeni mwa mlango, akaenda chumbani.

Alimpigia simu mpishi mkuu, mwanamke wa Minnesota anayeitwa Ingrid, akamwambia kwamba kuna jambo la nyumbani. Ingrid akamwambia nafasi yake itamsubiri mpaka Ijumaa. Ikipita Ijumaa, atachukua mwingine.

"Si uende tu," nilimwambia Delfina. "Utaomba msamaha ukirudi."

Alinitazama kama nimemwambia apite dirishani. "Na kule njiani nitakuwa nani?" aliuliza.

Jumatano akaja Motaleb. Alikuwa mhudumu wa baa kule Juu, mtu wa Sylhet, mwembamba, mwenye masharubu anayoyatunza kuliko gari lake. Siku hizi anahudumu katika hoteli moja, ukumbi wa chini, na kila mwezi huleta boksi la peremende za maziwa kutoka Jackson Heights, yeye mwenyewe akiwa amekatazwa sukari. Delfina alikuwa juu kwetu, analalamika kwa mama yangu. Mimi nilikuwa kwenye kona yangu, na kama kawaida walinisahau.

"Nasikia mtoto amepata kazi nzuri," alisema Motaleb.

"Amepata."

"Na nasikia amekaa nyumbani."

"Amekaa."

"Ana homa?"

"Kula peremende zako, kaka Motaleb."

"Zangu? Nimekuletea wewe. Mimi nina sukari."

"Kwa hiyo umekuja kuniambukiza."

Motaleb akavuta kiti. "Dada, unamfunga mtoto."

"Sijamfunga. Mlango uko wazi na miguu anayo."

"Miguu anayo, ila paji lake la uso unalo wewe. Usinifanye mgeni. Mimi ni Mwislamu mtoto wa Mwislamu, na Piedad alikuwa hanipitishi mlango wa jikoni bila kunichora. Nilimwambia, dada, mimi si wa kwenu. Akaniambia, paji la uso ni paji la uso, inama, mimi mfupi."

Mama Zenaida alicheka, kicheko cha puani, halafu kikamwishia. Alikuwa anakunja kitambaa cha vyombo, akakikunja mpaka hakikukunjika tena.

"Nilimbariki," akasema.

"Nani?"

"Piedad. Asubuhi ile. Usidhani nilikuwa nimelala nikajibu kwa kugugumia. Nilikuwa macho, mtoto alikuwa anaota meno ya nyuma. Alisimama pale, na koti lake la kijani, akasema, baraka, dada. Tulikuwa tunapeana, wewe unajua, mkubwa hayupo basi anayebaki anampa anayetoka. Nikamchora. Nikasema maneno yote, sikuruka hata moja. Mungu akubariki, akulinde, akurudishe." Akanyamaza, ingawa hapakuwa na treni. "Nilisema akurudishe, Motaleb. Nilisema vizuri."

Motaleb akalisogeza boksi pembeni.

"Baraka yangu ni ya chini," aliendelea. "Shuleni inafika, sokoni inafika. Huyu mtoto nimempeleka nayo mpaka Ekuador na kurudi. Lakini juu haifiki. Nimeshaona. Sasa anasimama mlangoni ananiomba, na mimi najua haifiki, nimpe hivyohivyo? Nimdanganye mtoto wa Piedad?"

Mwenzenu nilikuwa nimeshikilia ukurasa bila kuugeuza. Miaka yote hiyo tulidhani anaogopa urefu.

Motaleb alifungua boksi, akachukua peremende asiyoruhusiwa, akaila polepole mpaka ikaisha. Akajifuta masharubu.

"Basi ipeleke mwenyewe," akasema.

"Nini?"

"Baraka. Kama haifiki, ipeleke. Mimi nikiagizwa sahani ya meza ya mbali, sisimami jikoni nikairusha. Naibeba."

"Mimi sipandi."

"Sahani ndiyo inayokwenda mezani. Mhudumu anaisindikiza tu."

"Wewe ndiye ulikuwa mhudumu. Mimi nilikuwa mpishi."

"Ndiyo maana mpaka leo unaringa."

Alimfukuza kwa kitambaa kilekile. Motaleb alitoka akicheka, boksi akaliacha. Mama Zenaida akanigeukia. "Na wewe, ukurasa huo una nini? Umeukalia tangu alipoingia."

Ijumaa asubuhi nilimkuta amevaa viatu vyake vyeusi vya jikoni, vile visivyoteleza, ambavyo huvaa shuleni tu, na siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa. Delfina alivitazama viatu, akamtazama usoni, akaenda kupiga simu bila kuuliza chochote. Ingrid alisema waje saa ya chakula cha wafanyakazi, kabla wageni hawajaanza kuingia. Delfina aliandikisha majina ya wageni wake mapokezi, akatangulia kuwasubiri chini ukumbini. Kuhusu baraka ya kumfikisha hapo ukumbini, hapakuwa na ubishi. Mama Zenaida alimpa mlangoni bila kusita.

"Ya mpaka mapokezi tu," alimwambia. "Usiivushe hapo."

Ya kule nimeyasikia kwa wote watatu, na kila mmoja anadai wenzake wanaongeza chumvi. Nimechukua yale wanayokubaliana.

Motaleb alimfuata kwa gari. Njia nzima Mama Zenaida alikuwa ameshika mpini wa mlango. Walipofika, mnara ule ulikuwa na mlango mkubwa wa kioo mbele, watu wenye makoti mazuri wakiingia na kutoka, na nyuma ya kioo alikuwapo Delfina ametulia kwenye kiti. Hawakumwona, kwa sababu hawakwenda huko. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Miguu yao ilizunguka jengo kama maji yanavyofuata mfereji, ikapita kwenye mapipa, ikafika kwenye mlango wa mizigo, kwa kuwa maisha yao yote hawajawahi kuingia mgahawa wa juu kwa mlango mwingine.

Mlinzi akawataka vitambulisho. Majina yao aliyaona. "Lakini nyie ni wageni," alisema. "Wageni wanapita mbele."

"Sisi ni wa jikoni," akasema Mama Zenaida.

Mlinzi aliangalia karatasi, akaangalia viatu vyake, akawabandika stika. Wakati huohuo mtu wa mboga alifika na toroli lililojaa mpaka juu, na kreti la kotimiri lilikuwa linataka kuanguka. "Nishikie hili, mama," alisema, akalisukumiza mikononi mwake, na mlango wa lifti ya mizigo ukafungwa.

Motaleb anasema hapo ndipo alipotambua walichofanya. Alimtazama akingoja azimie. Mama Zenaida alikuwa amezama kwenye kreti.

"Hii ni ya lini?" alimwuliza mtu wa mboga.

"Ya leo, mama."

"Ya leo ya wapi? Iangalie shingo yake."

Wakabishana. Masikio yakaziba yakazibuka. Mtu wa mboga alikuwa bado anajitetea lifti ilipofunguka jikoni, joto likawapiga usoni, na mtu mmoja akapita mbele yao na sufuria inayofuka moshi. Mama Zenaida akainua kreti lake. "Nyuma! Kona!" alisema, na wapishi wote waliokuwa hapo wakampisha bila kugeuka.

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya baridi. Jamaa mmoja wa Puebla aitwaye Eleuterio alikuwa ameishika kwa wiki ile, akimsubiri huyo mtu mpya asiyefika.

"Nani amelowesha letusi hii?"

"Mimi, mama."

"Unaiosha au unaiogesha?"

Eleuterio alisema samahani, ingawa hakujua anaongea na nani. Mama Zenaida akaingiza mikono kwenye beseni aitoe letusi ile, na hapo akasimama. Nje ulikuwa upepo wa Machi. Maji yalikwenda upande mmoja, yakafikiri, yakarudi.

Motaleb anasema alianza kutafuta kiti cha kumkalisha. Mama Zenaida hakuhitaji kiti. Alilaza kiganja juu ya maji, kama unavyomshika mtoto mgongoni ili alale, akakiacha hapo.

"Bado mnacheza tu," akasema kwa sauti ndogo. Sijui alikuwa anaongea na nani, na sikuwahi kumwuliza. Kisha akafuta mikono. "Mtoto yuko wapi?"

Motaleb akapiga simu. "Uko wapi wewe?"

"Niko hapa chini, nawasubiri nyie," alisema Delfina. "Mmekwama wapi?"

"Sisi tuko juu."

"Juu wapi?"

"Jikoni kwako. Mama yako anawakemea watu kuhusu letusi."

Delfina akainuka kitini. Pale ukumbini watu walikuwa wanapita na mikoba yao. "Mama amepanda?" aliuliza.

"Amepanda na kreti la kotimiri. Njoo basi, chakula kinapoa."

"Siwezi kuja," akasema Delfina. "Niliyonayo inaishia mapokezi."

Motaleb alimpa Mama Zenaida simu. Yeye aliishika mbali kidogo na sikio, kama anavyoishika siku zote, na jikoni kote wakasikia.

"Delfina."

"Baraka, mama."

"Subiri." Alisogea mpaka karibu na ukuta, akatazama chini sakafuni, kama vile anaweza kumwona kupitia ghorofa zote zile. "Jichore mwenyewe, mimi kidole changu hakifiki. Umeshajichora? Haya. Mungu akubariki. Akulinde." Hapo alitulia. "Akulete hapa nilipo."

Eleuterio alikuwa amevua kofia. Mwenye sufuria naye alikuwa amesimama nayo mikononi mpaka ikamchoma.

"Imefika?" aliuliza Mama Zenaida.

"Imefika, mama," alisema Delfina.

"Kushuka haina taabu," alisema, akamrudishia Motaleb simu yake.

Delfina alipanda kwa lifti ya wageni, peke yake, akiwa ameshika kitambaa cha visu kifuani. Mama Zenaida alikuwa anamsubiri lifti ilipofunguka. Akamchora tena kwa mkono wake, ili kuhakikisha, halafu akamwambia nywele hazijafungwa vizuri na twende.

Walikula pamoja na wafanyakazi kwenye meza za dirishani. Kule Juu kulikuwa na desturi kwamba aliye mgeni kuliko wote kazini ndiye anayekaa akitazama nje, na wazoefu wanaipa dunia mgongo. Mama Zenaida alimkalisha Delfina upande wa kutazama, yeye akakaa na mgongo wake kwenye kioo, Motaleb pembeni yake. Ingrid alimwuliza kama hataki kubadilisha, aone mji.

"Nimekaa juu miaka kumi na moja," alisema Mama Zenaida. "Niambie tu huu mchuzi nani ameupika."

Lakini Delfina anasema walipoinuka, mama yake alibaki nyuma kidogo akikusanya sahani zisizomhusu. Aligeuka. Upande wa kusini, mbali, maji ya bandari yalikuwa yanang'aa, na hapo ndipo Juu ilipokuwa. Alitazama kwa muda wa kufuta meza moja. Kisha akasema, bila kumwambia mtu, "Kumbe bahari ilikuwa karibu hivyo, Piedad," akabeba sahani zake jikoni.

Jumatatu nilishuka mapema kuazima sukari. Delfina alikuwa mlangoni, skafu shingoni. Mama Zenaida alikuwa na unga mikononi, kwa hiyo msalaba ulibaki mweupe kwenye paji la uso.

"Mungu akubariki, akulinde, akurudishe."

Delfina hakutoka. "Itafika, mama? Ukiwa huku chini?"

Mama Zenaida alifikiri. Hakuwa mtu wa kumdanganya mtoto wa Piedad.

"Sasa inaijua njia," akasema. "Toka, treni yako hiyo."

Treni ikaja kweli, vyombo vyote vikatetemeka kabatini, na Delfina akaondoka mbio bila kufuta unga. Nikamwomba Mama Zenaida sukari. Alinipa, kisha nikamkumbusha kwamba shangazi yangu anamkaribisha Jumapili, amehamia nyumba mpya.

"Ghorofa ya ngapi?" aliuliza.

"Ya tatu."

Akafunga kopo la sukari, akapangusa mikono kwenye aproni.

"Mwambie nitakuja," alisema. "Ila lifti ya mizigo wanayo?"